Ndege Walinirudisha kwa Watu

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Ashukuriwe Mola aliyenipa pumzi ya kusimama hapa, maana pumzi yenyewe ilikaribia kunikatikia.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, matajiri wa mchele walianza kuingia kijijini kwetu Mbuchi na boti zao. Kila mtu akapanua shamba, nami nikapanua langu. Mara nikashikwa na kifua kikuu. Nikapelekwa Kibiti, nikachomwa sindano, nikameza vidonge mpaka mganga akasema, "Mama, umepona, huambukizi mtu." Alhamdulillahi! Kurudi nyumbani, mume wangu keshahamia kwa mama yake Maparoni.

Mnajua kwetu mpunga ukianza kuiva tunahamia shamba kulinda ndege, kila mtu juu ya dungu lake la miti. Mmoja anapiga ukelele, jirani anaupokea, na wa mbele yake anaupokea, mpaka ndege wasukumwe huko kwenye mikoko. Nilipiga wangu, nikasikiliza. Kimya! Majirani waliniruka kana kwamba shamba ni la marehemu. Ndugu zangu, upweke nimeuona! Nilikuwa nazungumza na chungu changu. Nililia, nikamuuliza Mungu ameniponya ya nini.

Lakini ndege hawana ubaguzi. Kifua changu hakikuweza kuwafukuza peke yake, basi kwangu wakapafanya baraza. Wakifukuzwa kwa jirani wanakuja kupumzika kwangu, kisha wanamrudia wana njaa upya. Mpunga ukaliwa kwangu na kwao. Tajiri akaja, akatazama, akageuza boti akanunue kwingine.

Asubuhi moja jirani yangu Bi Zuhura, ambaye hata salamu alikuwa hanipi, akasimama chini ya dungu langu.

"Mwenzangu we, ndege wanatumaliza! Pokea ukelele wangu, nami n'tapokea wako."

"Na kifua changu je?" nikamuuliza.

Akapanda ngazi, akaketi ubavuni pangu, akachota maji mtungini kwa kata yangu, akanywa.

Msidhani huruma ndiyo iliyomleta, ndugu zangu. Ni mpunga! Lakini Mungu ana njia zake, na mimi sikuwa wa kuchagua. Siku ile tulipokezana mpaka sauti zikakauka, na wengine wakaitikia. Tulivuna kidogo, lakini tulivuna pamoja.

Basi wewe uliyetengwa, mtegemee Mola, hajakusahau! Na wewe uliyemtenga mwenzio kwa maradhi, usingoje hasara ikupandishe ngazi. Panda leo.