Barua ya Delbert

Kaeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mbali. Corwin, zima televisheni. Thea, usilie kwanza, nitakapomaliza utalia vizuri.

Nyumba hii ya Pasadena ni yenu sawa kwa sawa. Mashine ya kudurufu iliyoko gereji mpeni atakayeipenda, maana ndiyo iliyochapa kadi zetu mwaka sitini na tisa, tulipokuwa tukimgawia kila mpita njia, hata polisi, kadi ya kumtangaza yeye mwenyewe kuwa Baba Mtakatifu wa dini yetu ya utani, dini ya mungu wa kike Erisi, bibi wa vurugu. Tulicheka, wanangu! Ijumaa tulikula soseji na mkate wake, kwa sababu dini ilikataza mkate huo na dini hiyohiyo ikatuamuru tuvunje katazo. Rafiki yangu Delbert Quisenberry alipika, mkewe Ione akapiga kinanda vibaya makusudi. Nimezikumbuka siku hizo mpaka kifua kinauma.

Sasa sikilizeni la aibu. Delbert alihamia Fresno, tukawa tunaandikiana uongo mtupu, ndiyo ilikuwa ibada yetu. Mara alinitangazia kifo chake mwenyewe, nikampelekea soseji tano za rambirambi. Mwezi uliofuata akaandika kwamba Ione amefariki. Nikacheka hadi machozi, nikamjibu kwa kadi yenye muhuri wa tufaha, alama ya Erisi: "Hongera, sasa kinanda kitapumzika."

Ilikuwa kweli. Ione alikuwa amezikwa Jumanne.

Miaka arobaini nimeona haya kumtazama. Jana nikajikaza, nikampigia simu, nikamwambia, "Delbert, nisamehe, ninakufa." Akasema, "Umeanza tena, mzee wewe?" Akakata.

"Mama, nimpigie mimi?" Hapana, Thea. Simu hataiamini, barua ndiyo hataiamini kabisa. Nendeni wenyewe, leo hii, mkabishe mlangoni kwake. Corwin, wewe ukae ndani ya gari, uso wako una utani kama wangu. Thea aseme. Msimlazimishe kunisamehe, mwambieni tu aje.

Nipe maji... basi, yanatosha.

Msigombane juu ya vyombo. Pendaneni, chekeni sana, lakini mtu akiwaambia amefiwa, kwanza nendeni mkamwone. Nawabariki, wanangu, kwa mikono yote... siwezi kuinyanyua, shikeni ninyi.

Na akifika nimeshakwenda, mumlete kitandani hapa, anishike mkono mwenyewe. Mwambieni... mwambieni safari hii sikutania.