Zamu ya Mtoto Asiyelia

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni Mama Upendo, wa hapahapa Mjimwema, nimesimama kutoa ushuhuda.

Nilisikia mguno kabla sijaona lolote. Mguno mdogo, mgongoni kwangu, kila pumzi ilipotoka. Nilikuwa kwenye foleni ya kituo cha afya Makambako, mji niliokuwa nimekwenda kumsalimia dada yangu. Upendo, mwanangu mchanga, alikuwa ameamka hana nguvu ya kunyonya. Nikambeba, nikamfunika blanketi na kitenge juu, kama tunavyofunika sote kwa baridi yetu hii.

Mnajua tulivyolelewa. Ukifika unasalimia waliotangulia, kamwene, kamwene, kisha unakaa mwisho. Mbele yangu alikuwepo mtoto aliyejikata kidole, analia mpaka anapaliwa.

"Mpisheni huyu, anateseka," bibi mmoja alisema. Tukampisha. Kisha akanigeukia: "Wewe una heri, mwanangu. Wako amelala. Usimwamshe."

Nikatabasamu. Moyoni niliogopa, lakini ningesemaje, na mtoto hata halii? Mguno ukaendelea. Halafu ukaanza kufifia, na huko kufifia ndiko kulikonitisha zaidi. Niliomba kimoyomoyo: Bwana, nipe mdomo wa kusema. Sikuupata. Nilibaki nimekaa na adabu yangu.

Ndugu zangu, ndipo nesi alipotoka, akapita kwenye foleni akiangalia watoto mmoja mmoja. Aliyekuwa akilia alimpita. Akasimama kwangu.

"Mama, mfunue."

"Kuna baridi, nesi. Na amelala."

"Mfunue, nione kifua."

Nikamshusha mgongoni, nikamfunua. Kila alipovuta hewa, kifua kilibonyea chini ya mbavu. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Nesi alimgusa, akamwita, akamtekenya unyayo. Macho hayakufumbuka.

"Huyu hajalala," alisema, akamchukua mikononi mwangu akaingia naye ndani, kabla yetu sote. Hakuna aliyenung'unika. Yule bibi alinishika tu mkono.

Wakampa oksijeni, wakampa dawa. Nikakaa pembeni ya kitanda nikihesabu pumzi zake, nikiogopa kila moja kuwa ya mwisho. Jua lilipokuwa linashuka alifumbua macho, akageuza kichwa kutafuta titi. Nilipiga magoti palepale sakafuni. Mungu wangu, asante. Ndiye huyo hapo mbele anayechezea viatu vya mchungaji wetu.

Siku ile niliomba mdomo nikaukosa. Leo ninao, niacheni niutumie. Mlipotulia kunisikiliza, nimeusikia mguno ule tena. Unatoka benchi hili la pili. Dada mwenye blanketi la kijani, mfunue mwanao.

Mnaona kifua hicho kinavyobonyea?

Najua unasubiri baraka, dada. Usisubiri. Mungu hamchukii anayetoka katikati ya ibada. Mtumaini yeye, kisha nenda, mzee wa kanisa atakupeleka kwa gari. Na ukifika kituo cha afya, usikae mwisho. Sema kwa sauti kwamba mtoto anaguna na hanyonyi.

Mpisheni, ndugu zangu. Sisi wengine tusimame, tuombe.

Ametoka. Mlango umefungwa nyuma yake.