Mwosha Huoshwa: Safari ya Bernadeta Alfonsi Chilumba

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, majirani wa Kimara, nanyi mliosafiri usiku kutoka Masasi, familia imenituma mimi Venance, mtoto wa kaka yake, niwaeleze kwa ufupi alikotoka mama huyu aliyelala mbele yetu.

Bernadeta Alfonsi Chilumba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika kijiji kilicho jirani na Ndanda, wilayani Masasi, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akajifunza ushonaji kwa masista, na waliokua naye wanamkumbuka kwa woga wake, kwani hata kuku akichinjwa yeye alikimbilia nyuma ya nyumba na kuziba masikio.

Mwaka 1984 alikuja Dar es Salaam na kuanza kazi ya cherehani pale Ubungo, na tarehe 11 Oktoba 1986 alifunga ndoa na Kasimiri Albano, mchonga vinyago, wakahamia Kimara, ambako walijaliwa mtoto mmoja, Anna, aliyefariki akiwa na miezi minane, na baada ya hapo hawakupata mwingine.

Kasimiri naye alifariki tarehe 3 Machi 1998, kwa maradhi ambayo miaka ile watu waliyataja kwa kunong'ona, na wanaume waliopaswa kumwosha, kila mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana safari, ndipo Bernadeta, yule mwoga wa kuku, alipochota maji, akafunga mlango, akamwosha mumewe peke yake, huku akitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho. Arobaini ilipokwisha alikwenda kwa paroko, akasema kwamba maadamu yeye yu hai, hakuna mama wa parokia hii atakayezikwa bila kuoshwa kwa sababu ya hofu za watu, na tangu siku hiyo alijitolea, bila malipo, kuwaosha waliokufa kwa kipindupindu, waliofia katika vyumba vya kupanga wasio na ndugu, na wale ambao ndugu zao walikuwapo lakini walisimama mbali.

Kanisani mikono yake ilisifiwa, jikoni ilikwepwa. Kwenye misiba, alipoinama kuchambua mchele pamoja na wenzake, aliambiwa kwa upole, mama, wewe umechoka, kapumzike, na alielewa, kwa hiyo akaanza kwenda na kikombe chake cha bati, amekifunga kwenye ncha ya khanga, akakaa karibu na geti na kunywa chai yake huko, ili asimtie mtu aibu ya kumnyima. Watu walimheshimu sana, ila heshima yenyewe ilikuwa ya mbali, na heshima ya mbali haimpigii mtu hodi jioni. Jumapili baada ya misa alikuwa akienda stendi ya Ubungo, na stendi ilipohamia Mbezi Luis akaifuata hukohuko, si kwamba alikuwa na safari, bali ili akae karibu na abiria wa Masasi awasikie wakiongea Kimakua, kisha arudi nyumbani alikokuwa akiongea na redio.

Mwezi Februari 2021, jirani yake, Mwalimu Genoveva, alifiwa na mama yake mzazi wakati ule wa homa ya kutisha, akashindwa kuvuka kizingiti cha chumba, na Bernadeta alipofika, Mwalimu alimuuliza kama yeye haogopi, akajibiwa maneno ambayo Mwalimu ameniomba niyasome kama yalivyo: "Kuogopa naogopa, mwanangu, ila na yeye yuko peke yake humo ndani."

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Septemba 2023, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, akafariki dunia hospitalini, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Wahenga walisema mwosha huoshwa, lakini hawakusema na nani. Jana kina mama wa jumuiya walifika mochwari na beseni, sabuni na shuka jipya, wakasimama mlangoni wakitazamana, kwa maana miaka yote hii wa kuingia alikuwa mmoja tu, na sasa ndiye aliyekuwa ndani. Mwalimu Genoveva, ambaye alikuwa hajawahi kugusa maiti maishani mwake, alivaa glavu, akasema yuko peke yake humo, akaingia, na Monica, mmoja wa kina mama hao, akamfuata, kisha wengine.

Waliporudi hapa nyumbani, Genoveva alikitafuta kile kikombe cha bati, akakijaza chai, akanywa, akampa Monica, Monica akampa aliyekuwa akichambua mchele, nacho kikazunguka jiko zima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani yetu Nurdin aliyempeleka kliniki kwa bajaji yake bila kuchoka, mafundi wenzake wa Ubungo, pamoja na Baba Paroko na wanajumuiya wote.

Shangazi, umeoshwa, na kikombe chako kiko jikoni pamoja na vya wenzako. Pumzika kwa amani.