Karangwa Silvère (1963–2025): Aliyekata, Akaacha Mwingine Achague

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wa marehemu, Jean-Paul, fundi wa vigae wa Kinyinya, Kigali, ambaye ndiye anayeusoma. Familia ilimpa kazi hii kwa kauli moja. Hawakumuuliza kama ana wivu.

Marehemu Karangwa Silvère alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Ngara, Tanzania, ambako wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Rwanda. Jean-Paul alimfuata miaka miwili baadaye, na akaendelea kumfuata maisha yake yote: kwa mashati, kwa viatu, kwa maksi. Viazi vitamu vilikuwa haba, na mama yao hakuwa na muda wa kuamua ugomvi, basi akaweka sheria: Silvère akate, Jean-Paul achague kwanza. Silvère hakujua kukata. Kila siku kipande kimoja kilitoka kikubwa, na Jean-Paul alikinyakua huku akicheka. Hapo tu ndipo alipowahi kumshinda kaka yake.

Marehemu alisoma shule ya msingi Ngara na sekondari Bukoba, kisha sheria Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1989. Jean-Paul aliishia kidato cha pili. Ada ilitosha mtoto mmoja, na mwalimu mkuu hakusita kusema ni yupi. Jambo hilo lilimuuma, na haoni sababu ya kulificha mbele ya jeneza.

Mwaka 1995 marehemu alihamia Rwanda, nchi ya wazazi wake, akafungua ofisi ya uwakili mjini Kigali, kwanza Muhima, baadaye Kimihurura. Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na Xavérine, aliyekulia Bujumbura. Jean-Paul ndiye aliyemwona Xavérine kwanza, kwenye kwaya. Hilo nalo liandikwe.

Mwaka 2019 mawakili wa nchi moja jirani walimwomba awasaidie kuandaa shauri la kikatiba. Kule wabunge walikuwa na mfuko wa kujenga shule na zahanati majimboni mwao. Wao waliupitisha, wao waliutumia, na wao hao ndio waliopaswa kuukagua. Marehemu aliandika: "Nyumbani kwetu aliyekata hakuchagua. Mbunge huyu anakata, anachagua, kisha anajiuliza mwenyewe kama wenzake wameshiba." Majaji waliyanukuu maneno hayo, wakaibatilisha sheria. Magazeti yakaweka picha yake. Mchaguzi wa vile viazi hakutajwa popote. Jean-Paul alichukua gazeti mojawapo akalitandika chini ya ndoo ya gundi ya vigae, akamwambia kaka yake, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Kaka mtu alicheka tu, na hicho kicheko ndicho kilichomkera zaidi.

Agosti 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Alitibiwa hapa Kigali, na alivumilia bila kulalamika, hata katika hilo akamzidi mdogo wake. Siku nne kabla ya mwisho, Jean-Paul alimpelekea hospitalini kiazi kitamu cha kuchemsha. Mgonjwa akaomba kisu. Akakata: kimoja kikubwa, kimoja kidogo.

"Kaka, umri wote huu na bado hujui kukata!"

Xavérine, aliyekaa kando ya kitanda, akacheka. "Ariko, lakini shemeji, nyumbani anakataga sawa kabisa! Iko kwako tu kisu kinapinda."

Fundi wa vigae, ambaye riziki yake ni kukata sawasawa, alivilinganisha vile vipande viwili. Zaidi ya miaka hamsini hakuwahi kukitilia shaka kisu cha kaka yake. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akachukua kipande kidogo.

"Rudisha hicho," Silvère akasema. "Unaniharibia hoja."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Xavérine. Watoto wawili, Ingrid na Keith. Mjukuu mmoja, Kaliza. Na mdogo wake Jean-Paul, ambaye leo anamwonea wivu kuliko zamani, maana sasa anajua kwamba hata kwa moyo alizidiwa.

Pumzika kwa amani, kaka. Leo kikubwa ni chako.