Kavirondo Hajaja Leo

Benchi la Adrisi lilikuwa kwenye baraza la duka lililofungwa, Barabara ya Iganga, mjini Jinja. Mwenye duka, Mhindi, alifukuzwa nchini pamoja na wenzake mwaka wa sabini na mbili. Mwanajeshi aliyegawiwa duka akauza vitambaa mpaka vikaisha, akauza rafu, akauza na vitasa vya milango, kisha akatokomea. Baraza likabaki kwa yeyote aliyechoka miguu. Hapo ndipo Adrisi, Mnubi mwenye chale tatu kila shavu, alipohamishia jiko lake la makaa na birika la kahawa ya tangawizi kutoka sokoni. Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na sita, mwezi ule ambao ndege za Waisraeli zilishuka Entebbe usiku na kuchukua watu wao waliotekwa. Serikali ilisema Kenya ndiyo iliyowasaidia. Kahawa ilinywewa bila sukari, watu walizungumza huku jicho moja likiwa barabarani, na mtu wa Kenya alijifunza kupita ubavuni mwa ukuta.

Wateja wa kila siku walikuwa watatu. Nicanor, fundi baiskeli, Mgisu wa Mbale, aliitwa Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Ignatius, Msoga, aliyekuwa mkalimani wa mahakama hadi kesi zilipoanza kumalizwa bila mahakama, aliitwa Hakimu. Wa tatu alikuwa Mjaluo wa Kenya, fundi wa injini za malori, asiye na meno sita ya chini kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Huyo walimwita nini? Walimwita Kavirondo. Ni jina ambalo Wazungu waliwabandika watu wa ng'ambo ya Busia, na mjini Jinja likawa la kumtupia mpagazi na mzoa taka. Lakini hapo benchini lilikuwa jina lake, na mwenyewe alijiita hivyo huku akicheka. Adrisi naye walimwita Afande, ingawa maisha yake yote hakuwahi kushika bunduki hata ya kuwindia kanga.

Asubuhi moja Redio alikuja na gazeti la Kampala kwapani.

— Banange, Kavirondo! Wewe sasa nakuwa mtu mkubwa. Wamekuweka kwa gazeti!

Akalitandaza benchini. Ilikuwa katuni. Mtu mweusi tii, midomo kama sahani, kinywa wazi kisicho na meno ya chini, amebeba gunia la sukari ya magendo akivuka mpaka, na mkia wa panya umetokeza kwenye kaptura yake. Juu ya gunia pameandikwa kwa herufi kubwa: KAVIRONDO.

Redio alicheka mpaka akakohoa. Hakimu alicheka kidogo, kama mtu anayeonja. Kavirondo mwenyewe alicheka pia, lakini Adrisi, aliyekuwa akimpa kikombe, aliona ule mkono ukitafuta mahali pa kukishikia.

— Wangenichora na shati zuri basi, alisema Kavirondo. Nina shati moja zuri.

— Lakini ssebo, hii ni tusi, alisema Hakimu. Mimi nimekalimani miaka mingi, tusi nalijua.

— Tusi gani? Redio akaruka. Sisi si namwita hivyo kila siku? Kavirondo, wewe nakasirika?

— Hapa? Hapana.

— Umesikia! Kama hapa si tusi, kwa gazeti nakuwa tusi namna gani? Ile maneno ni moja.

— Maneno kama hiyo ni kama mswaki, alisema Hakimu. Ni ya mwenyewe. Kavirondo anaweza kutia kwa mdomo yake. Wewe ukitia, ni uchafu.

— Basi mimi nimetumia mswaki yake miaka yote na sijaugua!

Kavirondo akaweka kikombe chini.

— Tofauti iko. Redio akiniita, nageuka nione anataka nini. Huyu akiniita, akagusa gazeti kwa kidole chenye mafuta ya injini, nageuka nione pa kukimbilia.

Redio akalivuta gazeti kwake.

— Pengine mwenye kuchora ni Mjaluo mwenyewe. Basi iko na ruhusa.

— Mjaluo gani atajichora mkia?

— Ile mwenye njaa.

— Hapana, alisema Hakimu, akashusha sauti na kutazama pande zote. Huyu ni Mhindi. Kuna mmoja hakuondoka. Amefichwa darini Kampala, anachora mchana na usiku ili sisi tugombane. Angalia gunia. Mtu ambaye hajawahi kuuza sukari hawezi kuchora gunia namna hii.

— Basi serikali itoe leseni! Redio alisimama kabisa. Kama leseni ya baiskeli! Kila mtu na kibati yake shingoni. Kibati ya Mjaluo, natukana Mjaluo. Kibati ya Mgisu, natukana Mgisu.

— Na chotara?

— Chotara nalipa kibati mbili, natukana pande zote.

Walicheka, na Adrisi akacheka nao, kwa sababu kicheko siku zile kilikuwa adimu kama sukari. Kisha Kavirondo akauliza, bila ukali:

— Na lile neno la Adrisi je? Nani ana kibati chake?

Kicheko kikakatika. Kavirondo ndiye mtu pekee hapo aliyemwita Adrisi kwa jina lake.

— Neno gani? aliuliza Redio.

— Si mnalikumbuka. La chale.

Adrisi alilikumbuka. Kabla jeshi halijashika nchi, watu walimwita Wan-ileven, kwa vile chale tatu kwenye shavu husomeka mia moja kumi na moja. Watoto walimfuata nalo njia nzima. Mwaka mmoja gazeti lilichora Mnubi mwenye mistari mitatu kila shavu na sufuria kichwani badala ya kofia ya askari, neno hilohilo chini yake, na Redio huyuhuyu ndiye aliyelileta, akalibandika ukutani kule sokoni kwa gundi ya matairi. Adrisi aliambiwa ni mzaha, asiwe na moyo mdogo. Halafu ikaja ile asubuhi ya Januari, muziki wa kijeshi kwenye redio zote, na Wanubi wenye chale kama zake wakaonekana wamekaa juu ya vifaru. Kabla ya jua kuzama ule mchoro ulikuwa umebanduliwa. Kuanzia kesho yake akawa Afande. Lakini neno lenyewe halikufa. Sokoni, akishawapa watu kisogo, alilisikia likisemwa polepole, kwa chuki ambayo halikuwa nayo zamani.

— Mimi sikumbuki kitu, alisema Redio.

— Hata mimi, alisema Hakimu. Afande, kahawa leo ni nzuri sana.

Adrisi akachochea makaa. Ilimuuma kuliko tusi, ile sifa ya kahawa. Watu aliokaa nao miaka yote walikuwa wanamwogopa, na hakujua afanye nini ili wasimwogope.

— Mimi nilicheka siku ile, Adrisi, alisema Kavirondo akiinuka. Nilikuwa mgeni, nikaona wote wanacheka. Hilo nalijua.

Akamshika bega, akaenda zake kwenye injini yake. Kikombe alikiacha nusu.

Mchana wa siku hiyohiyo Pijo nyeupe isiyo na namba ilisimama mbele ya baraza. Wakashuka vijana wawili, mashati ya maua, miwani myeusi. Hakuna Mganda asiyejua vijana wa namna hiyo walifanya kazi gani: waliyempakia garini hakurudi. Redio alikuwa ameshika kikombe. Akabaki amekishika hivyohivyo, hakinywi wala hakiweki.

— Wewe mzee, alisema mmoja. Najua mtu naitwa Otiende?

— Otiende? Adrisi akaweka birika chini. Hapana, afande. Simjui.

— Mtu ya Kenya.

— Wa Kenya ni wengi, afande. Viwandani, stesheni, kila mahali. Jina hilo hapa sijalisikia.

Wakawauliza na wengine. Hakimu alisema hamjui. Redio alitikisa kichwa tu. Ulikuwa ukweli mtupu, na ukweli ndio uliowapa nguvu ya kumtazama mtu usoni. Wale vijana wakasimama kidogo, mmoja akapenga kamasi, wakapanda gari, wakaondoka.

— Mimi sijaona gari, alisema Hakimu baada ya muda.

— Gari gani? alisema Redio.

Hivyo ndivyo walivyokubaliana. Jambo kama hilo halikurudiwa mdomoni, maana aliyelirudia leo, kesho aliulizwa alilisikia wapi.

Lakini Adrisi, akikung'uta majivu, alishikwa na wazo. Kavirondo jina lake nani? Akatafuta kichwani, hakupata. Alijua anapenda tangawizi nyingi. Alijua goti lake la kushoto linamsumbua siku za mvua, na kwamba ana mke anayeuza nguo kuukuu Mbale. Jina hakulijua. Wajaluo ni wengi, akajiambia. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Jua lilipokuwa linashuka Kavirondo alipita, akasimama bila kukaa.

— Hapa kuna habari gani?

— Salama tu, alisema Redio haraka.

— Salama, alisema Hakimu.

— Wilkista wangu anakuja kesho. Nataka tushauriane kama tuvuke Busia, tupumzike kwetu mpaka haya yapoe. Unaonaje, Adrisi?

Adrisi alimtazama. Swali lilikuwa fupi tu: wewe unaitwa nani? Lakini kuuliza mtu jina ilikuwa kazi ya wale wa miwani. Tena aliona haya. Umempa mtu kahawa miaka na miaka, umekula naye Idi, umemtuma dawa za mwanao, halafu leo umuulize jina lake? Angesema nini? Nitamuuliza kesho, akajiambia, mkewe akiwepo, itatoka kama mazungumzo.

— Wazo zuri, alisema. Vukeni.

— Basi kesho, alisema Kavirondo.

Kesho yake hakuja.

— Amelala na mke wake, alisema Redio. Wewe pia ungechelewa.

Birika la kwanza likaisha.

— Amekwenda Kampala kupiga yule mchoraji, alisema Redio. Au wamempa kazi ya kuchora! Nakuambia wiki ijayo tunaona sisi wote kwa gazeti, na mikia.

Hakimu hakucheka.

— Pengine ameshavuka, alisema. Mtu mwenye akili anavuka bila kuaga. Mimi ningekuwa yeye, ningejitia ndani ya tangi la lori.

— Au wamemkamata kwa ajili ya mswaki yako.

— Nyamaza, Redio, alisema Adrisi, na wote wawili wakashtuka, kwa maana hakuwahi kuwasemesha hivyo. Wakanyamaza upesi mno, kama watu walioamrishwa.

Mwanamke mmoja alikuwa anakuja kutoka upande wa mtaa wa Walukuba, kwa miguu, mkoba wa ukindu mkononi, vumbi la safari hadi magotini. Alisimama mbele ya baraza akawasoma nyuso mmojammoja.

— Hamjambo, wazee. Namtafuta Otiende.

Adrisi aliona mkono wa Hakimu ukifumba juu ya paja. Jina lilelile, siku ya pili. Wale watu walijulikana kutuma hata wanawake.

— Hapa hakuna Otiende, nyabo, alisema Hakimu.

— Hakuna, alisema Redio. Hatujasikia hiyo jina hata siku moja.

Mwanamke hakuondoka. Alikuwa anatazama mashavu ya Adrisi.

— Wewe si Adrisi? Anakutaja kila mara. Anasema Jinja nzima hakuna kahawa kama ya Adrisi. Nimetoka Mbale leo, nimefika chumbani kwake, kufuli limevunjwa, kitanda kimepinduliwa. Majirani hawanifungulii mlango. Nikasema nije huku kwa rafiki zake. Mimi ni mke wake. Otiende, fundi wa injini. Goti lake moja ni bovu.

Redio alikuwa wa kwanza kupata sauti, na sauti hiyo ilikuwa ya furaha ya ajabu, ya mtu aliyeona mlango wa kutokea.

— Sisi tulimficha, mama! Jana wamekuja watu wa Pijo, wameuliza: Otiende! Sisi wote tumesema hatumjui! Uliza Hakimu! Hakuna hata mmoja amesema!

Wilkista aliweka mkoba chini. Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la baraza, kama wanawake wa Jinja wanavyowapigia magoti watu waliowatendea wema mkubwa.

— Asanteni, alisema. Asanteni sana. Siku hizi nani angefanya hivyo? Mungu awakumbuke. Akajifuta macho kwa ncha ya leso, na uso wake ukafunguka. Basi wamevunja mlango wakakuta hayupo. Mlipomwambia anatafutwa, alisema anakimbilia wapi?

Alimtazama Redio, na Redio akatazama barabara. Alimtazama Hakimu. Mwisho akamgeukia Adrisi, na tumaini lake lote likiwa usoni.

— Hatukumwambia, mama, alisema Adrisi.

— Hamkumwona tena?

— Tulimwona. Alipita hapa jioni. Alisimama hapo ulipo wewe.

— Mliogopa, alisema Wilkista polepole. Naelewa. Kila mtu ana watoto.

Kuogopa kungetosha. Adrisi angeweza kuacha maneno yaishie hapo, na mwanamke yule angewasamehe akaenda zake. Lakini hakuweza kumwacha aondoke na shukrani isiyokuwa yao.

— Tuliogopa. Lakini si hilo tu. Hatukujua kwamba Otiende ni yeye.

Wilkista aliinuka kutoka magotini. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua, anajitahidi kuifuata.

— Hamkujua namna gani? Amekunywa kahawa ya Adrisi tangu mwanetu wa kwanza hajazaliwa. Alikuwa anakaa nanyi kila siku. Akawatazama tena wote watatu. Sasa nyinyi mlikuwa mnamwita nani?

Neno lilikuwa pale, nyuma ya meno ya kila mmoja wao. Redio, ambaye alilitamka mara nyingi kuliko wote, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Hakimu alikuwa anatazama viatu vyake. Birika lilichemka, likafurika, likazima nusu ya makaa, na Adrisi hakunyoosha mkono kuliondoa. Mwanamke alikuwa amesimama bado, anangoja jibu.