Santuri Iliyoandikwa "Mazoezi"

Wasikilizaji wapendwa, leo sina utani wangu wa kila siku. Kinanda amefariki. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na minne.

Mnamkumbuka Kinanda, mwimbaji wa lile kundi la vijana watano wenye suruali nyeupe za kubana. Nyimbo zao zilituvunja viuno. Dakika tatu, kiitikio, makofi, basi. Lakini kundi lilikua, wasikilizaji. Santuri yao ya tano ilikuwa muziki wa soul, wa taratibu, sauti zimeiva. Kinanda aliitunga yote baada ya kumzika mama yake. "Hii ndiyo kazi yangu," alimwambia mkewe, fundi cherehani. "Zile nyingine tulikuwa tunarukaruka tu."

Santuri hiyo hamkuwahi kuisikia hapa redioni. Aliileta mwenyewe, kavaa shati la kupigwa pasi, akaiacha mapokezi. Inaanza Kinanda akikohoa, anavuta pumzi, anasema, "Tuanze tena, nimeshindwa." Ndipo anaimba. Alifanya makusudi. Mtangazaji aliyepewa kuikagua aliishia hapo hapo, akacheka, akadhani wameleta mazoezi kimakosa. Akaandika kwenye jalada kwa wino mwekundu: "Mazoezi. Isipigwe." Ikaenda rafuni. Ikakaa miaka thelathini na moja.

Mtangazaji huyo ni mimi.

Kundi lilivunjika. Kinanda akaishia kuuza vipuri vya baiskeli. Hakuja kuuliza hata siku moja, asije akaonekana anajipendekeza. Mjane wake ameniambia: "Kila Ijumaa kipindi chako kikianza, anasema, mama watoto, hebu simamisha cherehani, pengine leo. Nasimamisha. Kikiisha anasema, haya, endelea."

Jana Alhamisi niliitoa rafuni. Mwandiko ni wangu, sina pa kujificha. Niliisikiliza hadi mwisho, nikalia kama mtoto. Nikampigia simu mjane kuomba ruhusa tuipige leo.

"Pigeni," akasema. "Ila sasa mnampigia nani, shemeji?"

Nimekuja nayo hapa studio, nitaipiga nikimaliza maneno haya.

Pole sana, shemeji. Poleni, watoto wa marehemu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama kuna kazi ya mtu mliyoihukumu kwa dakika moja, irudieni leo, mwenyewe angali anasikia. Mimi nilipewa miaka thelathini na moja, na nimechelewa kwa siku mbili.