Wali wa Wageni

Hata juu ya kivuko Luhende alikuwa bado amefura: jana timu yao ya Butimba ilichapwa manne kule Magu. "Wa kulaumiwa ni kocha, mama," alimwambia mwanamke aliyeketi jirani. "Wenyeji waliwapikia wali na kuku kabla ya mechi, naye akawaacha wale mpaka wakashindwa kukimbia!"

"Mwanangu, mgeni atakataaje chakula cha watu? Lawama ni ya wachezaji. Nani aliwatuma waongeze sahani?"

"Kocha! Si ndiye aliyeanza kuomba ukoko?"

Mama akacheka hadi kitenge kikamdondoka. Kivuko kilipogusa gati, akapigapiga gunia lake la mchele. "Haya, marudiano Jumapili, kwetu Butimba. Mpishi ni mimi. Nao watakataaje?"

Luhende akalitupia gunia begani, bila kuombwa.